Asiyeonekana na Lake Lipo

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii hutajwa barazani pale watu wanapogawana kitu au wanapokata shauri, na mmoja wao hakutokea. Maana yake ni nyepesi, na kwa kiasi chake ni ya haki: mtu aliyejua siku na mahali, kisha akapuuza, hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Lakini methali, kama ilivyo sheria, hutungwa kwa hali zinazojulikana na watungaji wake. Hii imejengwa juu ya hali mbili tu, kuwepo na kutokuwepo. Aliyekuwepo alionekana, na aliyeonekana alikuwepo. Hakufikiriwa mtu ambaye yupo, ambaye jina lake limeandikwa na kuhifadhiwa bila ya kukosewa hata herufi moja, na bado wale wanaoitazama orodha yenye jina hilo wasimwone.

Kompyuta imeifanya hali hiyo ya tatu kuwa jambo la kila siku. Mtu anaweza kuwemo ndani ya orodha na asiwemo juu ya kioo. Aidha, anaweza kuwemo juu ya kioo akiwa amevishwa sifa ya mwengine: mzima akaonekana na alama ya marehemu, mkaazi akaonekana na alama ya aliyehama. Mafundi huiona kasoro ya aina hii kuwa ndogo. Huiita kasoro ya kuonyesha, wakiitofautisha na kasoro ya kuhifadhi, na hujifariji kwa kusema kwamba taarifa zenyewe ziko salama. Pengine kwa upande wa ufundi wana haki. Upande wa maadili unauliza jambo jingine: ikiwa mtu amedhulumiwa na orodha iliyoonyesha visivyo, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya, je, dhuluma hiyo ina mwenyewe?

Swali hili linapimika vyema katika bonde la Kilombero, kwa sababu huko tofauti baina ya kuwepo na kuonekana ilijulikana zamani kabla ya kompyuta ya kwanza kufika. Mji wa Ifakara umekaa katika bonde pana lililolala baina ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mvua zikijaa, mito hufurika na sehemu kubwa ya bonde hugeuka maji matupu. Ardhioevu yake, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 8,000, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya maeneo yanayolindwa kwa mkataba wa Ramsar. Maji hayo ndiyo yaletayo mpunga, na mpunga ndio uletao maisha ya nyumba mbili. Mashamba yako mbali na vijiji. Unapofika msimu wa kilimo, jamaa wengi hufunga nyumba zao za kijijini wakaenda kukaa mashambani, katika vibanda na madungu, kwa wiki na hata kwa miezi, wakilima, wakipalilia, wakiamia ndege na kufukuza nguruwe, hadi mavuno yaingie ghalani. Mgeni akipita kijijini wakati huo atakuta mlango umefungwa kwa kamba na uwanja umeota majani. Je, wenye nyumba wamehama? Hawakuhama. Wapo, ila hawaonekani.

Katika bonde hilo hilo ndiko ilikoanzishwa mojawapo ya orodha za watu zilizotunzwa kwa uangalifu mkubwa katika Afrika ya Mashariki. Mnamo Septemba 1996, kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ambacho leo hujulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza uandikishaji endelevu wa wakaazi katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakirudia maswali yale yale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama. Majibu yaliingizwa katika kompyuta, na kila mtu akawa na mstari wake.

Mwenye kuona kazi hiyo ni ya udadisi mtupu atakuwa amekosea. Kwa msingi wa uandikishaji huo, mwaka 2001 ilichapishwa hesabu iliyoonyesha kwamba matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza mpango wa Hati Punguzo, uliowapa wajawazito nafuu ya bei ya chandarua. Hesabu kama hiyo haijengwi kwa kitu chengine ila mistari ya orodha: mtoto aliyezaliwa akaandikwa, aliyefariki akaandikwa, aliyepelekwa kwa bibi yake kijiji cha pili akaandikwa. Mtoto aliyefariki akidhaniwa amehama, kifo chake huondoka katika hesabu. Mtoto aliyehama akidhaniwa amefariki, huongeza msiba usiokuwepo. Mstari mmoja haupindui hesabu ya maelfu, lakini kwa mama wa mtoto huyo mstari huo ndio orodha nzima.

Tangu hapo orodha za kwenye kioo zimeenea mno. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, makarani wake waliifanya kwa vishikwambi badala ya karatasi. Katika msimu wa kilimo wa 2022/23, serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku, mkulima alitakiwa kwanza asajiliwe na jina lake liingizwe katika mfumo wa kielektroniki. Kwa hiyo mkulima wa mpunga anaweza kukutana na orodha ya kioo mlangoni kwake, kliniki na dukani kwa wakala wa mbolea. Kila mara huwa ni mtu mwengine anayekitazama kioo, na yeye husimama upande wa nyuma yake, akingoja kuambiwa kama yumo.

Ili kuielewa kasoro yenyewe, ni lazima kwanza kuondoa dhana kwamba orodha ya kwenye kioo ni karatasi yenye mwanga. Majina yamehifadhiwa ghalani, ndani ya kumbukumbu ya chombo. Kinachoonekana ni picha inayochorwa na kipande cha programu kilichopewa kazi hiyo tu, ambacho ni sehemu ya kile kiitwacho kiolesura, yaani uso ambao programu humwelekezea mtumiaji. Kioo cha kishikwambi hutosha mistari kumi hivi kwa wakati mmoja. Orodha ikiwa na majina mia mbili, mara nyingi kipande hicho hakichori mistari mia mbili, kwani kufanya hivyo kungekilemea chombo. Huchora kumi na miwili hivi. Mtu anaposogeza orodha kwa kidole, mstari uliotokea juu huchukuliwa, ukarejeshwa chini, ukapewa jina jipya.

Mfano wake ni mitumbwi ya kivuko. Mitumbwi kumi na miwili yaweza kuvusha abiria mia mbili kwa kwenda na kurudi. Sharti ni moja: kila mtumbwi ufikapo ukingoni, mizigo ya abiria wa kwanza iteremshwe yote kabla ya wa pili kupanda. Mpiga kasia akisahau, abiria wa pili atavuka na mzigo usio wake, na anayengoja ng'ambo atamdhania kuwa ndiye mwenyewe. Ndivyo inavyotokea kwenye kioo. Mwandishi wa programu akisahau kuufuta mstari kabla ya kuutumia tena, jina la mtu wa pili hutokea likiwa na alama ya mtu wa kwanza. Ukiisogeza orodha juu na kuirudisha, huenda alama hiyo ikahamia kwa mtu wa tatu.

Kasoro hiyo ina jamaa zake. Ipo ile ya mstari wa mwisho kufunikwa na kitufe kilicho chini ya kioo, hata mtazamaji akaamini kuwa orodha imekwisha kabla ya kwisha. Ipo pia ile ya orodha kutochorwa upya baada ya mabadiliko, hivyo aliyefutwa akaendelea kuonekana na aliyeongezwa asitokee. Katika zote tatu ghala liko sawa. Kilichoharibika ni dirisha.

Wanazuoni wa pwani na visiwa wana maneno mawili ya zamani yanayolifaa jambo hili: dhahiri na batini, kilicho wazi na kilichofichika. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake *al-Munqidh min al-Dalal* jinsi alivyofikia kuzitilia shaka hisi za binadamu. Jicho hukitazama kivuli likakiona kimesimama, kumbe kinakwenda kidogo kidogo. Huitazama nyota likaiona ndogo kama sarafu, ilhali elimu ya hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Mtu aliyesoma mifano hiyo hatashangazwa na orodha inayoonyesha visivyo. Ataona ni kivuli kipya tu kilichoongezwa katika vile vya zamani.

Hata hivyo, baina ya nyota na jina la mtu ipo tofauti moja kubwa. Nyota haidhuriki kwa kudhaniwa ndogo. Inabaki na ukubwa wake huko iliko, na kosa la jicho hukoma katika jicho. Jina la mtu halina kinga hiyo. Anayeitazama nyota hana uwezo wa kuipunguza, lakini anayeitazama orodha ana kidole, na kidole chake kina amri juu ya ghala. Akiamini alichokiona akakitenda, kosa lililokuwa la dhahiri huingia batini. Kabla ya hapo lilikuwa picha mbaya ya jambo la kweli. Baada ya hapo jambo lenyewe limebadilika, na picha, kwa masikitiko makubwa, imekuwa sahihi.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Karani kijana amefika katika nyumba yenye watu kumi na wanne. Anasoma majina mmoja mmoja, akifika kwa binti wa miaka tisa anasita.

"Mama, huyu Modesta hapa ameshahama."

"Modesta gani tena, mwanangu? Si huyo anayekuletea kiti?"

Karani ana njia tatu. Ya kwanza ni kukiamini kioo: akajiambia kwamba huenda huyu ni Modesta mwengine, akapita, na mwisho wa siku akathibitisha ukurasa wote kuwa umehakikiwa. Ya pili inaonekana kuwa njema: agusa alama ili kuiondoa. Lakini zipo programu zinazohesabu kila mguso kuwa amri ya kugeuza. Ghalani hakukuwa na alama yoyote ya kuondoa, kwa hiyo mguso huo hugeuza "yupo" kuwa "amehama". Mkono uliotaka kusahihisha picha umeharibu ukweli. Njia ya tatu ni kusimama, kuifunga orodha na kuifungua upya, kutazama kama alama imebaki pale pale, kisha kuandika mahali panaposomeka kwamba kioo kilisema hivi na mama mwenye nyumba akasema vile. Njia hii huchukua dakika tano. Kama karani amepangiwa nyumba nyingi na jua linazama, dakika tano ni mali.

Katika mfano huu kuna uongo? Uongo, kwa jinsi watu wa maadili walivyoueleza tangu zamani, una nguzo mbili: kusema lisilo kweli, na kukusudia aliyesemwa naye aliamini. Kioo hakikusudii. Mwandishi wa programu, aliyekaa mbali na pengine hajapata kusikia jina la Ifakara, hakukusudia. Karani naye hakukusudia. Nguzo ya pili haipo, na uongo haupo. Lakini Modesta ameondolewa katika watu wa nyumba yao. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani kwamba pasipokuwa na mwongo hapana mkosa. Hukumu ya udereva haiko hivyo, wala hukumu ya uganga. Aliyeachilia kukagua breki huulizwa, ingawa hakukusudia kugonga. Suala la orodha linaangukia mlango huo huo wa uzembe na uangalifu, na mtu anayelitafutia mwongo atalitafuta pasipo mwisho.

Wahenga walisema pia: usione vyaelea, vimeundwa. Kauli hiyo humkumbusha mtazamaji wa orodha kwamba mkono wa mtu umetangulia mbele ya kioo. Wa kwanza kuulizwa ni muundaji, aliyejua au alipasa kujua kwamba mstari unaotumika tena ni lazima ufutwe kwanza. Wa pili ni ofisi iliyoagiza programu, ikaijaribu kwa nyumba za watu watano ambazo mistari yake hutosha kiooni bila ya kusogezwa, kisha ikaipeleka kwenye nyumba za watu kumi na wanne. Wa tatu ni yule mwenye kidole. Dhamana haigawiki kama nyama, kwamba kila anayepata kipande humpunguzia mwenziwe. Kila mmoja anabeba yote iliyo katika uwezo wake, na wa mwisho hawezi kusema kwamba wa kwanza alikwisha kukosea. Ni kweli kwamba wa mwisho ndiye mnyonge kuliko wote kwa cheo. Lakini ndiye pekee aliyemwona Modesta.

Hoja hii ina mpinzani mwenye nguvu, na si haki kumpita. Atasema: orodha zilibuniwa ili kuwalinda watu dhidi ya macho ya karani. Zamani mgao ulipofika kijijini, aliyekuwa na mjomba katika kamati alionekana, na mjane asiye na jamaa hakuonekana hata akisimama mstari wa mbele. Orodha haina mjomba. Ukimruhusu karani aamini macho yake zaidi ya kioo, umerudisha upendeleo uleule uliotaka kuufukuza. Leo atamwongeza Modesta kwa haki, kesho atamwongeza binamu yake kwa hila. Mpinzani huyu anazungumza kwa niaba ya wanyonge, na historia ya mgao katika nchi nyingi inamshuhudia.

Jibu lake linapatikana kwa kutenganisha kazi mbili zilizochanganywa. Orodha ni shahidi, na ni shahidi mwema, kwa kuwa haina ndugu wala haipokei hongo. Kosa ni kumpandisha shahidi kiti cha kadhi. Shahidi hata awe mwadilifu namna gani huulizwa alikuwa amesimama wapi, kulikuwa na mwanga kiasi gani, na kama aliona kwa macho au alisimuliwa. Kioo kinasimulia tu. Aliyeona ni ghala. Kumhoji si kumvunjia heshima. Na hofu ya upendeleo haiondolewi kwa kumfunga karani mdomo. Huondolewa kwa kumtaka aandike tofauti aliyoiona bila ya kuifuta, kwa jina lake na saa yake, ili mwengine aje aithibitishe. Anayependelea hukwepa maandishi ya namna hiyo. Anayesahihisha huyataka.

Kinachotokea pale shahidi anapogeuzwa hakimu kimeonekana mbali na bonde, katika nchi yenye mahakama za kale na mawakili wengi. Shirika la Posta la Uingereza lilianza mwaka 1999 kueneza katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ulikuwa na kasoro za namna nyingi, na mojawapo, iliyogunduliwa mwaka 2015 katika tawi la Dalmellington huko Scotland, ilikuwa ya kioo. Mtumishi alikuwa anaingiza kiasi cha pauni 8,000. Alibonyeza, kioo kikabaki vile vile kama kwamba hakikusikia. Akabonyeza tena na tena, mara nne jumla. Kioo kilikuwa kimeganda, lakini ghala lilikuwa linasikia: liliandika pauni 32,000, na tawi likaonekana kupungukiwa na pauni 24,000 ambazo hazikupata kuwepo.

Kasoro kama hizo zingeweza kubaki hadithi ya mafundi. Zilichogeuka kuwa msiba ni imani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba chombo kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo kompyuta ikadhaniwa kuwa sahihi mpaka mshitakiwa aonyeshe vyengine. Mshitakiwa alikuwa mwenye duka kijijini, asiye na njia ya kuchungulia ndani ya mfumo. Wengi waliolalamika waliambiwa kwamba tatizo hilo ni lao peke yao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani katika muda wa miaka 16 hivi. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zinazoweza kuzusha upungufu wa uongo, na mwezi Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Baina ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyozidi mno kipimo. Katika ajali za Texas mwaka 1986, mtumishi aliingiza herufi isiyo sahihi, akairekebisha haraka, na kioo kikaonyesha kwamba marekebisho yamepokelewa. Ndani, mashine ilikuwa haijajipanga kwa marekebisho hayo. Mwaka uliotangulia, mgonjwa mmoja huko Georgia alimwambia aliyemhudumia kwamba amemuunguza, akajibiwa kwamba hilo haliwezekani. Alikuwa anazungumza kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe, na ushahidi wa mwili ulishindwa na ushahidi wa mashine.

Mambo haya mawili yana umbo moja na lile la Modesta, ingawa uzito wake haufanani. Katika yote matatu alikuwepo mtu hai aliyejua ukweli na akausema. Katika yote mzigo wa kuthibitisha uliwekwa juu ya yule asiyeweza kuuona undani wa chombo. Hapo ndipo dhuluma ilipo, na hapo ndipo inapopata mwenyewe. Kasoro ya kioo ni ajali, na ajali haikosi kutokea kwa watu wanaounda vitu. Kuamua kabla ya kusikiliza kwamba kioo na mtu wakihitilafiana aliyekosea ni mtu, hilo ni tendo, tena lina watendaji wanaoweza kutajwa: waliotunga kanuni, waliopanga siku ya kazi isiyo na dakika tano za ziada, waliounda ukurasa usio na mahali pa kuandika pingamizi.

Karatasi ilikuwa na fadhila moja ambayo haipasi kusahauliwa. Jina likikatwa kwa wino, mkato hubaki. Mwenye kusoma baadaye huona kwamba hapa palikuwa na mtu, na kwamba mkono fulani ulimwondoa. Huona hata kama mkono huo ulitetemeka. Karatasi hubeba kovu. Kioo hakina kovu. Mstari uliovaa alama ya mwengine hauna tofauti yoyote na mstari uliovaa alama yake halali, na uliofichwa na kitufe hauachi pengo. Kwa hiyo kovu hilo ni lazima litengenezwe kwa makusudi: kila badiliko lihifadhiwe pamoja na lile lililotangulia, na kila pingamizi lipate mahali pake. Muundaji anayefanya hivyo anakiri kwamba kazi yake ni ya binadamu na kwamba yaweza kukosea. Hilo ni jambo la adabu kabla ya kuwa la ufundi.

Yapo tena makundi ambayo hata mlango wa pingamizi hauwafai, kwa kuwa hawatafika mlangoni. Mtoto mchanga hajui kwamba jina lake halikutokea. Marehemu hawezi kuja kusema kwamba alifariki na wala hakuhama. Na familia iliyoko dunguni, ng'ambo ya mto, ikilinda mpunga dhidi ya ndege, haitarudi kijijini kwa sababu ya mstari ambao haijui kama umekosewa. Hao hawana sauti mbele ya kioo, na kwa ajili yao dhamana hurudi yote kwa mwenye kuitunza orodha. Waandikishaji wa bonde walilazimika kujifunza hilo tangu enzi ya karatasi: ukikuta mlango umefungwa kwa kamba, usiandike "wamehama" kwa kuwa hukuwaona. Uliza jirani, fuata njia ya shambani, au ngoja mavuno. Kioo cha kishikwambi kinastahili kutendewa kama mlango huo. Kinaweza kuwa kimefungwa na wenyewe wapo.

Methali ya wahenga basi haikutenguka, ila imepata mpaka. Inamhusu aliyeitwa akakataa kuja. Haimhusu aliyekuja na macho ya chombo yakampita, wala haimhusu aliyeko shambani ambaye hakuna aliyemfuata. Huyo yupo, na lake lipo. Anayeshika orodha ndiye mwenye deni la kwenda kumtafuta.